Kwa nini tusi moja linaingia moyoni na sifa kumi zinateleza?

#1 NusuMwezi
Habari zenu wakuu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, linanisumbua.

Mwezi uliopita nilitoa mada kazini mbele ya watu kama 40. Nilipomaliza, wasiopungua 10 walinifuata mmoja mmoja kunipongeza. Mwenzetu mmoja, wala hakuwa na hasira, akapita akasema: "Unaongea kama mtu anayeogopa kukamatwa." Akaenda zake.

Leo ukiniuliza wale 10 walisema nini, sikumbuki hata sentensi moja. Ya huyu naikumbuka pamoja na sauti yake, alivyoushika mlango, na shati alilovaa.

Kinachonikera zaidi si kukumbuka. Ni kwamba nilimwamini papo hapo. Wale 10 kila mmoja nilimtafutia sababu: huyu ni mpole kwa kila mtu, huyu ana shida na mimi wiki ijayo, huyu alikuwa anachezea simu. Huyu wa 11 sikumdai ushahidi wowote. Nani alimpa uhakimu?

Naomba maelezo. Na aliyepitia haya aseme.

#2 HesabuSafi
Jibu lipo na ni fupi. Akili ya binadamu inakipima kibaya kwa mizani nzito kuliko kizuri. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake watatu walipitia tafiti nyingi mno, za ndoa, za hisia, za kujifunza, za namna tunavyowahukumu watu tusiowajua, wakakuta karibu kila mahali kibaya kinaacha alama kubwa kuliko kizuri cha ukubwa uleule. Mwaka huohuo Paul Rozin na Edward Royzman nao waliandika kuhusu jambo hilohilo.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni ya kale. Aliyepuuza ua zuri alikosa kufurahi siku moja. Aliyepuuza mngurumo kichakani hakurudi. Sisi ni wajukuu wa waliosikiliza mngurumo.

#3 BintiSubira
Nimeweka kambi hapa. Mimi nina sentensi ya tangu darasa la 5: "Wewe kaa nyuma, mbele wakae wanaoelewa." Nina miaka 43 na bado ninayo.

#4 Mzee wa Kivuli
HesabuSafi, heshima yako mkuu, lakini umeeleza kukumbuka. Kuamini hujakueleza. Rudi bandiko la kwanza, dada kazitenganisha hizo mbili vizuri kabisa. Mngurumo nitaukumbuka miaka yote, sawa. Ila haunifanyi niamini kuwa mimi sifai.

Nitasema la kwangu. Baba alikuwa hasifii bila kuagiza. "Wewe ndiye hodari wangu" na kabla hujafurahi, unasikia "hebu sasa..." Yaani sifa masikioni mwangu ikawa hodi inayobisha kabla ya kazi kuingia. Lawama, kwa upande mwingine, hakuitumia kupata chochote. Alilaumu akaondoka. Kwa hiyo mtoto nikajifunza kwamba akilaumu anasema anachokiona, akisifu anasema anachokitaka. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa mdomo. Nimekuja kukigundua nikiwa na mvi.

Mleta uzi, jiulize sifa nyumbani kwenu zilikuwa na bei gani.

#5 NusuMwezi
Mzee wa Kivuli, umenigusa pabaya. Kwetu sifa hazikuwa na bei, hazikuwepo tu. Ukifanya vizuri kulikuwa kimya, na kimya ndiyo ilikuwa pongezi.

#6 KalamuNyekundu
Kuna maelezo ya tatu ambayo hayahitaji mnyama kichakani wala baba.

Mwanasaikolojia William Swann alianza kuyaandika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa ufupi, mtu anataka kujulikana kama anavyojijua. Picha uliyonayo ya nafsi yako ndiyo ramani unayotembelea; anayeithibitisha anakupa utulivu, hata kama picha yenyewe ni mbaya. Anayeipinga, hata kwa kukusifu, anaitikisa ardhi chini ya miguu yako. Mwaka 1992 Swann na wenzake waliangalia wanandoa, na waliokuwa wakijiona vibaya walikuwa wameshikamana zaidi na wenzi waliowaona vibaya kuliko na wenzi waliowaona vizuri. Isomeni tena hiyo.

Kwa hiyo, NusuMwezi, huyo wa 11 alikusomea kilichokuwa kimeshaandikwa ndani. Uhakimu ulimpa wewe, kwa kuwa hukumu yake ilifanana na yako.

#7 Chuma Pua
Mimi ni kinyume chenu wote. Nikisifiwa naamini, nikitukanwa nasahau kabla ya jioni. Kama hiyo mizani ya HesabuSafi ni ya binadamu wote, mimi nimetoka wapi?

#8 BintiSubira
Chuma Pua, ndiyo maana ukaitwa Chuma Pua 😄

#9 HesabuSafi
Chuma Pua, mko wengi. Ola Svenson mwaka 1981 aliwauliza wanafunzi wajilinganishe na wenzao kwa ustadi wa kuendesha gari. Wamarekani 93 kati ya kila 100 walijiweka kwenye nusu ya juu, na Waswidi 69. Nusu ya juu haiwezi kubeba zaidi ya nusu ya watu, kwa hiyo kuna wengi pale waliojipa cheo wasichokuwa nacho.

#10 Chuma Pua
Sawa, ila mimi kuendesha naendesha vizuri kweli.

#11 Jicho la Pembeni
Na wale 93 ndivyo walivyosema 🙂 Nyani haoni kundule.

Hilo nalo limepimwa. Emily Pronin, Daniel Lin na Lee Ross mwaka 2002 waliwaeleza watu makosa ya kufikiri ambayo binadamu huyafanya, kisha wakawauliza: wewe unayafanya kwa kiasi gani, na mtu wa kawaida je? Walijiona wana upendeleo mdogo kuliko wengine.

Sasa ninachotaka kuwaambia wote humu, mimi nikiwemo: tangu bandiko la 2 kila mtu ameshika maelezo yanayofanana na maisha yake. Mzee ana baba, kasema baba. HesabuSafi anapenda namba, kaleta namba. Siwalaumu, ila tulijue wakati tunaendelea.

#12 Mzee wa Kivuli
Na wewe unayeona makosa ya wote, kijana, umekaa wapi?

#13 Jicho la Pembeni
Shikamoo Mzee. Nimekaa pembeni, na pembeni nako ni mahali, nakubali.

#14 FundiSauti
Naomba niingilie kwa upande wa kazi yangu, maana mleta uzi aliambiwa kuhusu anavyoONGEA, na mimi kazi yangu ni kurekodi watu.

Kwa miaka yote niliyofanya hii kazi, mtu akisikia sauti yake kwa mara ya kwanza kwenye spika hukunja uso. "Huyo si mimi." Sababu ni ya kimaumbile. Ukiongea, sauti yako inakufikia kwa njia mbili: kupitia hewani hadi sikioni, na kupitia mifupa ya fuvu lako. Ile ya mifupani inaongeza uzito wa chini. Rekodi ina ile ya hewani peke yake. Kwa hiyo sauti unayoijua wewe hakuna mwingine duniani aliyewahi kuisikia, na sauti wanayoijua wote wewe ndiye mgeni kwayo.

Na picha ni vivyo hivyo. Mwaka 1977 Mita, Dermer na Knight waliwaonyesha watu picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kwenye kioo. Wenyewe walipendelea zaidi ya kioo. Marafiki zao walipendelea ya kawaida. Kila mmoja alipenda uso aliouzoea.

Dada, huenda ulimwamini yule kwa sababu alikuletea habari kutoka upande ambao huwezi kwenda. Wewe hujawahi kujisikia kutoka nje. Yeye yuko nje.

#15 KalamuNyekundu
FundiSauti hii ni nzuri sana, asante. Lakini wale 10 nao walikuwa nje! Mbona habari zao hazikuaminiwa?

#16 FundiSauti
Hapo umenibana. Sina jibu.

#17 Mama Pacha
Jibu analo kila mtu aliyewahi kuwa na adabu. Sifa ni adabu. Mtu akitoa mada unamwambia "hongera" kama unavyomwambia aliyepiga chafya "afya". Neno linalotoka kwa kila mtu, kila wakati, halibebi habari. Lakini kumwambia mtu uso kwa uso kwamba anaongea kama mwenye hofu kunamgharimu msemaji: anaweza kuchukiwa. Sasa kwa nini mtu ajigharimu kwa uongo? Ndiyo maana tunaamini. Hata wahenga waliionya sifa, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnazunguka na tafiti na jambo liko wazi.

#18 HesabuSafi
Mama Pacha, hoja yako nimeipenda, nimekaa nayo tangu asubuhi. Ila tusi halina gharama kwa kila mtu. Kuna watu kwao kukosoa ni starehe, wanapata nalo hadhi ya kuonekana wakali. Na mahali ambapo msemaji hajulikani jina, tusi ni bure kabisa. Mbona huko nako linauma na kuaminiwa?

#19 Mama Pacha
Kwa sababu moyo haujui kwamba bei imeshuka.

#20 Tundu la Sindano
Nimesoma kimya hadi hapa. Naomba niseme jambo ambalo wengi humu hawajaligusa, na kwangu ndilo zito.

Mimi nilikuwa mtu pekee wa kabila langu katika idara niliyofanyia kazi miaka 6. Nikipongezwa nilikuwa najiuliza: wananipongeza kwa kazi, au wanaonyesha kwamba wao si wabaguzi? Nikikosolewa: ni kazi au ni mimi? Hapo ndipo unapochoka. Kauli yoyote haifiki ikiwa nzima, inafika na alama ya kuuliza mkiani.

Baadaye nikakutana na utafiti wa 1991 wa Jennifer Crocker na wenzake, nikalia. Wanafunzi Weusi Marekani walipewa tathmini nzuri au mbaya na mtu aliyekuwa upande wa pili wa kioo. Kuna walioambiwa pazia liko wazi, anakuona. Wengine limefungwa, hakuoni. Walioambiwa wanaonekana, sifa nzuri iliwashusha namna walivyojiona. Iliwashusha! Kwa sababu hawakujua sifa ni ya kazi au ni ya rangi. Na lawama kwao ilipungua makali pazia likiwa wazi, maana iliwezekana kusema "huyo ana ubaguzi wake".

Kwa hiyo swali langu kwa NusuMwezi ni hili: katika wale 40, ulikuwa nani? Kulikuwa na wangapi kama wewe?

#21 NusuMwezi
Wanawake tulikuwa wawili. Mwenzangu ndiye anayeandika kumbukumbu za vikao, haongei.

Sikutaja kwa sababu sikudhani linahusu. Sasa naona nililiacha makusudi, na sijui kwa nini.

#22 BintiSubira
😔

#23 Jicho la Pembeni
Basi hapa inabidi tumtaje Claude Steele na Joshua Aronson, 1995. Walionyesha kwamba mtu akijua kundi lake linadhaniwa halifai katika jambo fulani, hofu ya kuithibitisha dhana ile inaweza kumshusha hata kama uwezo anao. Wanafunzi Weusi walipoambiwa mtihani unapima akili walifanya vibaya kuliko walipoambiwa ni zoezi la kawaida. NusuMwezi, huenda uliongea kwa hofu kweli siku ile, na hofu yenyewe ikawa imewekwa na ule ukumbi.

#24 HesabuSafi
Tahadhari hapo. Utafiti ule ulirudiwa mara nyingi na majibu hayakukaa sawa. Mwaka 2018 Flore, Mulder na Wicherts walipima wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000 Uholanzi kuhusu wasichana na hesabu, hawakuiona athari hiyo. Sisemi haipo popote. Nasema tusimwambie dada "hofu yako iliwekwa na ukumbi" kana kwamba limethibitishwa.

#25 Tundu la Sindano
HesabuSafi, uko sahihi kuhusu namba. Lakini nakuomba uone tofauti. Jicho la Pembeni anaongelea kufanya vibaya. Mimi naongelea kutoamini sifa. Ni vitu viwili, usizike kimoja na jeneza la kingine.

#26 HesabuSafi
Kweli. Nimekuelewa, na samahani kama ilisikika hivyo.

#27 Mwenda Pole
Mada nzuri. Mimi naona tatizo ni moja tu, dada hajithamini. Huu ni ugonjwa unajulikana, wataalamu wanauita ugonjwa wa kujiona tapeli, ulitangazwa miaka ya 1990. Dawa ni kusimama mbele ya kioo kila asubuhi useme "mimi ni bora, mimi napendeka" mara 20. Ukijithamini kila kitu kinafuata, kazi, ndoa, masomo.

#28 KalamuNyekundu
Mwenda Pole ndugu yangu, umeleta vitu vinne na vyote vinahitaji kurekebishwa, nivumilie.

Kujiona tapeli kulielezwa mwaka 1978, na wanasaikolojia wawili wanawake, Pauline Clance na Suzanne Imes, baada ya kukaa na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa katika masomo na kazi. Hawakuuita ugonjwa. Waliuita hali.

La kioo nalo, Joanne Wood na wenzake mwaka 2009 waliwapa watu kazi ya kurudia sentensi ya aina hiyohiyo, kwamba mimi ni mtu wa kupendeka. Waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa hawajithamini walijisikia VIBAYA zaidi. Yaani dawa ilimfaa mzima na kumdhuru mgonjwa. Na hapa nairudisha hoja yangu ya #6: ukimwambia mtu jambo asiloliamini, ndani yake kuna mtu anajibu "si kweli".

Na la mwisho, kwamba kila kitu kinafuata. Jimbo la California mwaka 1986 liliunda tume ya serikali ya kukuza kujithamini, wakiamini kwamba shida nyingi za jamii zingepungua. Mwaka 2003 Baumeister na wenzake walipopitia ushahidi, walikuta kujithamini kunaendana na furaha, lakini hakuonekani kuwa ndiko kunakoleta ufaulu shuleni. Mara nyingine ufaulu ndio unaokuja kwanza.

#29 Mwenda Pole
Nimepokea mkuu. Lakini mimi kioo kilinisaidia. Nilipoachwa mwaka ule nilisimama hapo kila siku na sasa niko sawa. Hilo hamtaniondolea.

#30 KalamuNyekundu
Sikuondolei ndugu. Nafurahi ulipona.

#31 Mzee wa Kivuli
Pengine kilichomponya ni kule kusimama. Mtu aliyeachwa kuamka kila siku na kwenda mahali fulani, hata kama ni mbele ya kioo, si jambo dogo.

#32 Nahodha Mdogo
Wakuu, mnatumia neno "kujithamini" kana kwamba ni tangi moja ndani ya mtu, ama limejaa ama limepungua. Mark Leary na wenzake mwaka 1995 walisema tofauti, na tangu niyasome siwezi kurudi nyuma. Kwao, kile tunachokihisi ni mshale wa kipimo. Kinachopimwa ni kama watu wanakupokea au wanakaribia kukutenga. Gari likiishiwa mafuta, kuusukuma mshale kwa kidole hakusaidii.

Sasa angalia wale 10 na yule 1. Waliokupokea hawabadilishi chochote, ulikuwa ndani na umebaki ndani. Mmoja anayefungua mlango wa nje, huyo mshale lazima umshtukie. Na aliushika mlango kweli, umesema mwenyewe!

#33 NusuMwezi
Nahodha, hiyo ya mlango imenifanya nicheke peke yangu hapa 😂 Lakini sikuogopa kutengwa naye. Si rafiki yangu. Hata akinihama leo sitamtafuta.

#34 Nahodha Mdogo
Kipimo hakikuulizi kama unampenda. Ila sawa, umenipunguza nguvu.

#35 Mwalimu wa Jioni
Nimechelewa. Nafundisha, kwa hiyo sifa ni chombo changu cha kazi kila siku, na naomba nizungumze kwa niaba ya watu wanaosifu, maana humu tunahukumiwa tu.

Mwanafunzi aliyejikunja nilikuwa namwagia sifa. "Ajabu! Haijawahi kutokea!" Nilidhani nampa maji mtu mwenye kiu. Baadaye nikaona wale niliowamwagia zaidi ndio wanaochagua swali jepesi. Nilikuja kukuta kwamba Eddie Brummelman na wenzake Uholanzi waliliona hilohilo, 2014. Watu wazima hutia chumvi kwenye sifa hasa wanapowasifu watoto wasiojithamini. Na watoto haohao, wakiambiwa mchoro wao ni "mzuri ajabu" badala ya "mzuri", wanakwepa michoro migumu. Mtoto anaona umemwekea kiwango ambacho kesho hatakifikia.

Hii iliniumiza. Nilikuwa nawafunga kwa upendo.

Siku hizi nasema nilichokiona: "Hapa ulifuta ukaanza upya, nimeona." Sisemi ni bora wala ajabu. Na nimeona kitu, wanaamini. Hawabishani nami kwa sababu hakuna cha kubishia, walifuta kweli.

Kwa hiyo NusuMwezi, swali langu ni tofauti na ya wenzangu. Wale 10 walisema nini hasa? "Hongera, safi sana"? Au walitaja kitu? Yule wa 11 alitaja kitu. Alikuwa na mfano ndani yake, mtu anayeogopa kukamatwa, unaona mpaka picha. Labda hukuamini ubaya. Uliamini umahususi.

#36 Mama Pacha
Mwalimu, hii ni hoja yangu ya #17 imevaa suti. Lakini imependeza.

#37 BintiSubira
Ila Mwalimu, "kaa nyuma, mbele wakae wanaoelewa" haikuwa na umahususi wowote. Haikutaja kosa langu hata moja. Na nimeibeba miaka zaidi ya 30.

#38 Mwalimu wa Jioni
BintiSubira, nimeisoma mara mbili. Pole. Sina la kujibu kwa hilo, na kama mwalimu naona aibu.

#39 Mzee wa Kivuli
Mwenye kovu usidhani kapoa.

#40 BintiSubira
Asante Mzee. Na wewe Mwalimu usibebe ya mtu mwingine.

#41 Chuma Pua
Narudi. Mke wangu kausoma uzi huu wote begani mwangu akaniambia: "Wewe husahau matusi. Husahau ya watu usiowajali. Nilichokwambia kuhusu namna unavyoongea na watoto, miaka 4 sasa, bado unakirudia ukigombana." Nimekaa kimya tangu saa ile. Ni kweli nakirudia.

Kwa hiyo siyo kwamba sina mlango. Wangu uko mahali pengine.

#42 KalamuNyekundu
Chuma Pua umetufikisha kwa William James bila kujua. Mwaka 1890 aliandika kwamba kujithamini ni mafanikio ukigawa kwa unachokidai kwako. Mwenyewe alisema ameweka kila kitu kwenye kuwa mwanasaikolojia, kwa hiyo angeumia wengine wakijua saikolojia kuliko yeye, lakini kutojua Kigiriki hakukumnyima raha hata kidogo. Na Crocker huyuhuyu wa #20, pamoja na Connie Wolfe, mwaka 2001 waliandika kwamba watu hutofautiana mahali walipoutundika utu wao: wengine kwenye sura, wengine kwenye kazi, familia, wema, Mungu. Pigo likitua penye msumari, kila kitu kinaanguka. Likitua kando, unasikia kelele tu.

Wewe umetundika kwenye ubaba. Udereva ni kelele.

#43 Chuma Pua
Udereva niachie basi 😄 Lakini asante.

#44 Jicho la Pembeni
Nauliza kwa nia njema: je, kuna mtu anayechagua pa kutundika? Au tunakuta msumari umeshapigwa?

#45 Tundu la Sindano
Wangu nilikuta umepigwa. Nilichofanya ni kuujua ulipo. Sijaung'oa.

#46 Mwenda Pole
Wangu niliupiga mwenyewe, tena nikiwa mtu mzima. Inawezekana.

#47 NusuMwezi
Wakuu, nimefanya kitu. Baada ya bandiko la Mwalimu nilimfuata kaka mmoja kati ya wale 10 nikamuuliza waziwazi: ulinipongeza kwa nini? Nilitetemeka kuuliza, sitawaficha.

Hakusita. Akasema: "Pale ulipofika kwenye ile hesabu, ukasimama, ukasema 'hapa sina uhakika, nitaangalia tena niwaletee'. Hakuna anayesemaga hivyo pale mbele. Nikasema huyu naweza kumwamini."

Jamani. Nilikuwa nimeshahesabu kwamba pale pale ndipo nilipoonekana mwoga. Usiku ule nilijilaumu kwa ile sentensi zaidi ya kitu chochote. Na sina shaka yule wa mlangoni aliiona ileile.

Kwa hiyo jambo moja, sekunde kama 5, mmoja kaona hofu, mwingine kaona uaminifu. Mimi niliyekuwa ndani ya hizo sekunde 5 sijui ilikuwa ipi. Nadhani niliogopa NA nilikuwa mkweli.

#48 FundiSauti
Hii ni mifupa na hewa kabisa!

#49 KalamuNyekundu
Au ni Swann: hata kabla hujaulizwa, ulishachagua ni tafsiri ipi ya sekunde 5 uipeleke nyumbani.

#50 Nahodha Mdogo
Au ni kipimo changu: kaka yule kasema "naweza kumwamini", maana yake uko ndani zaidi ya ulivyodhani. Sasa hivi unajisikiaje?

#51 NusuMwezi
Vizuri, Nahodha. Kwa kama saa 3. Halafu nikaanza: huyu kaka ni mpole kwa kila mtu...

#52 Mama Pacha
Heee! Mwanangu!

#53 HesabuSafi
Mtu mmoja si ushahidi, ndugu. Una 10. Waulize wote, andika wanachokitaja, uone kama kuna kinachojirudia. Kwa sasa una 1 kwa 1.

Na usimuache yule wa 11. Muulize naye alimaanisha nini. Inawezekana kabisa aliona sehemu nyingine. "Sina shaka aliiona ileile" ni dhana yako, hukumuuliza. Gilovich, Medvec na Savitsky mwaka 2000 waliwavalisha wanafunzi fulana ya kuaibisha wakawaingiza chumba chenye watu. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wangeitambua. Walioitambua walikuwa kama robo.

#54 Mzee wa Kivuli
HesabuSafi, huyo robo ndiye anayeshika mlango.

#55 Tundu la Sindano
NusuMwezi, kabla ya wale wanaume, muulize yule mwenzako anayeandika kumbukumbu. Haongei, lakini kazi yake ni kuandika kila kilichosemwa. Atakuwa ameiandika ile sentensi.

#56 NusuMwezi
Tundu la Sindano, umenifanya nifungue barua pepe saa hii. Kumbukumbu za kikao kile zilitumwa, mimi sikuwahi kuzisoma, niliogopa.

Ameandika hivi: "Mtoa mada ataihakiki hesabu ya ukurasa wa 9 na kuileta kikao kijacho."

#57 BintiSubira
Hajaandika aliogopa wala hakuogopa.

#58 NusuMwezi
Hajaandika. Na kikao kijacho ni Alhamisi, na hiyo hesabu bado sijaigusa. Ngoja nikaifanye.